Amefariki Dunia, Dunia Ipi? Kisa cha Tasha Yar na Dimbwi la Oili Chafu

Ligi zilikuwa zimekwisha, habari za usajili hazijaanza kunoga, na kibanda umiza cha jamaa yangu pale Chang'ombe, Dodoma, hakikuwa na cha kuonyesha. Bosi (tunamwita hivyo ingawa mali yake yote ni televisheni moja, spika mbili, mabenchi, na turubai linalopigwa na upepo hadi mgeni anadhani mvua inanyesha) akaniomba nilete chochote kwenye flashi, kiingilio mia tano. Mimi kazi yangu pale ni kukaa pembeni ya skrini na maikrofoni, natafsiri papo kwa papo. Nikaleta Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga, msimu wa kwanza, na kwa makusudi nikachagua sehemu iitwayo "Skin of Evil", iliyorushwa Marekani tarehe 25 Aprili 1988. Ndani yake anakufa mhusika mkubwa. Nilitaka watu wahuzunike.

Walicheka mpaka benchi la nyuma likapinduka.

Sikulala vizuri usiku ule, maana mtafsiri akiona watu wanacheka msibani hujiuliza kwanza yeye amesema nini. Tangu hapo nimeirudia sehemu ile mara nyingi kuliko inavyostahili.

Tuanze na marehemu. Luteni Tasha Yar ni mkuu wa usalama wa chombo cha anga Enterprise. Kazaliwa kwenye koloni lililosambaratika liitwalo Turkana IV. Nilipotaja jina hilo kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Kumbe jirani, wa hapo Kenya," na tangu dakika hiyo kibanda kizima kikamchukua kama wa kwetu. Alikulia kati ya magenge, akatoroka akiwa na miaka 15, akajiunga na jeshi la anga. Aliyemcheza ni Denise Crosby, mjukuu wa mwimbaji Bing Crosby. Tamthilia ilianza Septemba 1987, na jina la Crosby linapita mwanzoni mwa kila sehemu hadi hii, pamoja na ya wakuu wenzake. Kwa mtu wa kibanda umiza hilo lina maana moja tu: huyu ni stelingi. Na stelingi hafi. Anapigwa, anatupwa korongoni, anafungwa kamba kwenye reli, ila hafi, na hata akifa ni dakika ya mwisho, bendera ikipepea.

Nje ya hadithi, sababu ya kifo ilikuwa ya kawaida sana. Crosby aliona mhusika wake hapewi kazi ya maana, akaomba kuondoka kabla msimu wa kwanza haujaisha. Gene Roddenberry, mwenye tamthilia, akakubali. Likabaki swali la namna ya kumtoa, na waliafikiana kwamba mlinzi afe kama walinzi wanavyokufa kazini: ghafla, bila hotuba, bila maana. Tamthilia mama ya miaka ya 1966 hadi 1969 ilikuwa na sifa ya kuua vijana wa usalama waliovaa mashati mekundu, hata watazamaji wakawa wanawahesabu wakitua tu kwenye sayari. Safari hii nyekundu walipewa makamanda, na walinzi wakavaa njano. Yar alikufa na njano yake. Yanga mnisamehe.

Kuna jambo dogo hapa ambalo nilipolijua lilinifurahisha kuliko sehemu yenyewe. Sehemu iliyorushwa wiki moja kabla, "Symbiosis", ilipigwa baada ya ile ya kifo. Kwa hiyo Crosby alishakufa, akarudi kazini kumalizia. Katika tukio lake la mwisho, mlango wa ghala la mizigo ukiwa unafunga, yuko kule nyuma kabisa na anapunga mkono kuelekea kwetu. Hakuna mhusika anayempungia. Anatuaga sisi. Ukiniuliza, hayo ndiyo yalikuwa maziko yake ya kweli, na hakuna aliyecheka kwa sababu hakuna aliyeona.

Sasa tukio. Chombo kidogo kimeanguka sayari ya Vagra II, ndani wamo mshauri Deanna Troi na rubani. Waokoaji wanne wanashuka: Riker ambaye ni msaidizi wa nahodha, Data ambaye ni roboti, Daktari Crusher na Yar. Njiani wanakuta dimbwi jeusi. Wakitaka kulizunguka kulia, nalo linahamia kulia. Wakienda kushoto, limeshafika. Halafu linainuka, linakuwa kama mtu, jeusi tii, linateleza na kuchuruzika, na linasema linaitwa Armus. Kitu hiki ni uovu uliochujwa kutoka kwa viumbe fulani wakabaki wazuri, wakauacha ule uovu peke yake na kuondoka.

Kicheko cha kwanza kilitoka hapa. Fundi gereji, mtu mzito wa maneno machache, alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anatoa gharama za matengenezo: "Hiyo oili chafu. Ya Fuso." Mwingine akadakia kwamba wamepaka nguzo mchwa wasile. Mtu wa Dodoma anaijua oili chafu, ameipaka kwenye nguzo za uzio na kwenye mbao za paa, haimtishi. Na kwa kweli fundi hakukosea sana: dimbwi lile lilitengenezwa kwa wino wa kuchapia uliochanganywa na Metamucil, dawa ya unga ya kulainisha choo. Jonathan Frakes, anayemcheza Riker, alizamishwa humo yeye mwenyewe. Armus aliposimama alikuwa Mart McChesney ndani ya vazi, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, Ron Gans. Pale Chang'ombe ikaongezeka sauti yangu juu ya ya Gans. Watu watatu kwa jitu moja, na bado lilifanana na ile mifuko myeusi iliyopigwa marufuku Juni 2019.

Lakini sababu iliyonigutusha ilitoka kwa mzee mmoja anayekaa kila mara karibu na mlango, mwenye salamu ya "mbukwenyi" kwa kila anayeingia. Alilitazama dimbwi likihama kulia na kushoto, likiwazuia watu wasifike kwa mgonjwa wao, likiwadhihaki, likidai kuburudishwa. Akasema, "Huyu mtani. Mpeni buku apishe."

Msomaji wa mbali anahitaji maelezo hapa, wa kati atanivumilia. Kwetu kicheko msibani hakikatazwi, ila kina mwenyewe. Mgogo akifiwa, mtani wake, tuseme Mhehe, ana haki ya kuja kuharibu huzuni. Anaigiza jinsi marehemu alivyotembea, anakalia kiti chake, analala mbele ya jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Wafiwa wanatoa, wanacheka huku wanafuta machozi, msafara unaendelea. Simba na Yanga wanaitana watani wa jadi kwa kuazima tu. Mtani halisi unamjua siku ya maziko.

Armus alifanya yote ya mtani. Alizuia njia, alicheza na wafiwa watarajiwa, alidai malipo. Mzee alisoma alama zilizokuwepo kwenye skrini, na kibanda kikamfuata. Tukawa tunangoja Riker aingize mkono mfukoni.

Badala yake Yar anachoka na upuuzi ule, anasema inatosha, anapiga hatua kwenda kwenye chombo. Armus anamrushia mshtuko mmoja. Mwanamke anaruka kinyumenyume, anagaragara, kimya. Shavuni ana alama kama ya wino. Basi. Hatujafika hata theluthi ya kipindi.

Kicheko cha pili, na hiki ndicho kilichopindua benchi. Ule mruko wenyewe una lawama yake: ni wa mtu aliyevutwa kwa nyuma, mikono mbele, kama mtoto aliyenyang'anywa baiskeli akiwa juu yake. Hata hivyo nimeona mruko mbaya kuliko huo kwenye filamu zetu na watu wakalia.

Anapandishwa chomboni, Crusher na wenzake wanamshindilia vifaa vya kushtua ubongo, mwili unaruka, hauamki. Daktari anakata tamaa. Hapo mimi nikavuta pumzi, nikashusha sauti kama mtangazaji wa redio anayetoa taarifa ya kitaifa, nikasema: "Luteni Tasha Yar... amefariki dunia."

Mzee akauliza, "Dunia ipi? Si mlisema huyu wa sayari nyingine?"

Hicho ni kicheko cha tatu, na ni changu. Kiswahili kinatupa maneno ya heshima kwa kifo, na karibu yote yanashika ardhi: kufariki dunia, kuiaga dunia, kurudi mavumbini. Mtu aliyezaliwa Turkana IV akauawa Vagra II ameiaga dunia gani? Alifika lini akafanya nini? Ningesema "amefariki" nikanyamaza, au "hatunaye tena", ningepona. Tangu siku hiyo wahusika wa anga wanakufa kwangu kwa neno moja.

Kwa siku kadhaa niliamini kosa lote ni la tafsiri. Ili nijue, niliionyesha sehemu ileile kwa wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Dodoma, chumbani, kwa kompyuta mpakato, bila mimi kufungua mdomo. Walicheka kwenye mruko. Kwenye tamko la daktari hawakucheka, walitazamana tu. Mmoja akauliza kama atarudi. Kwa hiyo kicheko cha tatu nakibeba mimi, kile cha pili kilikuwa ndani ya kazi yenyewe kabla haijafika Dodoma.

Wengi wangemaliza kwa kusema jitu lilikuwa la bei rahisi. Siwaungi mkono. Mmoja wa waandishi wawili wa sehemu hii, pamoja na Hannah Louise Shearer, ni Joseph Stefano, na huyu Stefano ndiye aliyeandika filamu ya Psycho ya mwaka 1960 iliyoongozwa na Alfred Hitchcock. Mle ndani Janet Leigh, jina kubwa kuliko yote, anauawa bafuni kabla filamu haijafika nusu. Kalamu ileile, kuua stelingi mapema vilevile, kifo cha ghafla kisicho na maana vilevile. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Vifaa rahisi kabisa, na watu waliogopa kuoga.

Tofauti naiona kwenye dakika zinazofuata. Baada ya kifo cha bafuni, filamu inakaa pale. Kijana anapiga deki. Anasuuza sinki, anafuta mikono, anakunja pazia, anaburuta mzigo mpaka kwenye gari, na hakuna anayesema neno. Unalazimishwa kukaa na maiti mpaka uzito wake ukushukie mabegani. Sasa rudi Enterprise. Yar anatangazwa amekufa, na tukio linalofuata ni kikao. Nahodha Picard anawaambia maofisa wake kwamba huzuni itabidi isubiri mpaka waliokwama chini wafike salama, na hapohapo anamkabidhi mmoja wao, Worf, ukuu wa usalama wa muda. Kiaskari ni uamuzi sahihi. Ila Mzee wa mlangoni, ambaye hajawahi kufanya kazi serikalini lakini anakaa mji uliojaa watumishi, alisema, "Hata tanga halijaanuliwa, cheo kimeshatoka!"

Msiba ulioahirishwa ndio unaomfanya mtu acheke. Ulipokuja mruko, sisi tulikuwa bado kwenye mzaha wa kuzuiana njia, hakuna aliyetupa nafasi ya kutoka humo, na tulipotaka kuhuzunika tukaambiwa tusubiri kuna kazi. Kicheko kikajaza pengo. Watu wakikosa mahali pa kukaa na kifo, wanabaki na ule mruko tu, na mruko peke yake ni kichekesho.

Uingereza walilijua hili miaka sita kabla. Machi 1982, kwenye Doctor Who, tamthilia yao ya safari za anga na wakati, kijana Adric alikufa ndani ya meli ya mizigo iliyogonga Dunia (hapo sasa ningeweza kusema kafariki dunia kwa haki zote). Adric hakupendwa, wapo watazamaji waliofurahi kumuona anaondoka. Lakini majina ya mwisho yalipita bila muziki, kimya kabisa, juu ya picha ya beji yake iliyovunjika. Sekunde chache za ukimya, beji moja, na hata asiyempenda akatulia. Watu haohao, Septemba 1987, walimbadilisha Daktari wao wa sita (ndiye shujaa wa tamthilia, hugeuka sura kila mwigizaji akiondoka) kwa kumwangusha sakafuni baada ya chombo kutikiswa, na aliyelala pale alikuwa mrithi wake Sylvester McCoy amevalishwa wigi la manjano, kwa sababu Colin Baker alifukuzwa kazi akakataa kurudi kuja kufa. Ujuzi wa maziko haurithiwi.

Lakini siwezi kusema "Skin of Evil" haina matanga kabisa. Inayo, imeyaweka mwishoni. Troi akiwa bado amekwama anamwambia Armus jambo ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote katika sehemu hii: kwamba aliua akidhani itamfurahisha, na haikumfurahisha. Mwuaji alitaka kicheko akakikosa, kicheko kikaja kutuangukia sisi Chang'ombe. Halafu waliokwama wanaokolewa, Armus anaachwa peke yake anapiga mayowe, na wakuu wa chombo wanakusanyika kwenye uwanja wa majani mabichi wa kutengenezwa kwa mwanga. Yar anatokea. Alijirekodi akiwa hai. Anasema mkiniona hapa ni kwamba nimekufa, na anamgeukia mmoja mmoja, anamwambia alichojifunza kwake.

Kibanda kilinyamaza. Dada anayeuza ubuyu alikuwa anarudisha chenji, akaacha mkono hewani na shilingi mia mbili. Kwetu wasifu wa marehemu husomwa na ndugu, tena kwa haraka, jua kali, na nusu ya tarehe zinabishaniwa. Hakuna aliyewahi kuona marehemu anausoma mwenyewe. "Anaaga mwenyewe?" mtu alinong'ona. Mzee akauliza wamemzika wapi, na hilo nilikosa jibu lake, kwa sababu hatuonyeshwi kaburi.

Wote wakishaondoka, Data anabaki na nahodha. Anasema anagundua kwamba hamfikirii Tasha, anajifikiria yeye, jinsi atakavyokuwa mpweke bila yeye. Je, hakuelewa maana ya shughuli ile? Picard anamjibu kwamba ameelewa vizuri. Nilitafsiri taratibu. Fundi gereji, yule wa oili ya Fuso, alijifuta uso na kitambaa chenye grisi na kuacha alama shavuni, upande uleule wa Yar. Sikumwambia.

Kwa hiyo walewale watu, kibanda kilekile, mtafsiri yuleyule mbovu, walicheka kifo na wakanyamazia matanga, ndani ya kipindi kimoja. Wenye tamthilia nao nadhani waliona deni limebaki. Februari 1990, msimu wa tatu, walimrudisha Crosby kwenye "Yesterday's Enterprise": historia imepinda, vita havijaisha, na Tasha Yar yuko hai kazini kama kwamba hakuna kilichotokea. Baadaye, mwaka 1991, walikuja kusema kwamba alitekwa, akazaa binti, akauawa tena akijaribu kutoroka naye, na binti akachezwa na Crosby huyohuyo. Hayo ya 1991 naona walizidisha chumvi. Ya 1990 yalitosha.

Bosi aliposikia marehemu anarudi, akaandika kwa chaki ubaoni mlangoni: YULE DADA WA OILI AMEFUFUKA, 500. Walijaa kuliko mara ya kwanza.

Kuna mahali Guinan, mhudumu wa baa ya chomboni anayechezwa na Whoopi Goldberg, anakaa na Yar peke yao. Yeye pekee anahisi kwamba historia hii si sahihi, kwamba mwanamke aliye mbele yake hakupaswa kuwepo. Anamwambia anajua tu kwamba alikufa, na kwamba kifo chenyewe kilikuwa kitupu, hakikuwa na lengo. Nilishajiandaa wiki nzima. "Kifo kitupu" kwa Kiswahili hakisemi kitu, na mara hii sikutaka maneno ya redio. Nikasema, "Ulikufa bure, dada yangu."

Turubai likatulia kidogo, au labda nilidhani tu. Kutoka mlangoni Mzee akaongeza, kwa upole, "Kwa oili chafu."

Dada wa ubuyu akamgeukia. "Babu, nyamaza kwanza. Anaongea na marehemu."